Ziwa linaloonekana kutoka barazani

Jumapili ile tulirudi kutoka ufuoni saa 11 jioni, watoto wamejaa mchanga hadi masikioni, nami kichwa kinanigonga. Tukapitia Ujiji kumwachia shangazi migebuka miwili tuliyonunua njiani. Tulimkuta barazani, juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, anachambua mchele kwenye ungo uliolala mapajani.

Binti yangu akatoa jiwe mfukoni, akampa. Jiwe dogo jeusi la mviringo, bado lina unyevu.

Shangazi aliweka ungo kando. Akalichukua lile jiwe, akalibana shavuni, akafumba macho.

"Bado lina ubaridi wake," akasema.

Kisha, bila kuulizwa na mtu: "Miaka kumi na tisa."

Pale pale sikuelewa. Nilielewa tukiwa tumeshafika mtaa wa Mwanga, bajaji inapanda kilima. Miaka 19 ndiyo umri wa ile baiskeli. Kabla yake alikuwa anatembelea magongo, na kwa magongo hayo alishuka mwenyewe mpaka majini. Mabega yalipochoka akapata baiskeli, na tangu hapo hajaligusa Ziwa Tanganyika, ambalo analiona kila akiinua macho kutoka kwenye ungo.

Kutoka barazani kwake hadi ufuoni ni dakika 20 kwa miguu.

Kwa miguu.

Aachwe apumzike

Nimekaa na jambo hili wiki nyingi. Nililala nalo, nikaamka nalo. Na kila nilipotafuta wa kumlaumu nilijikuta narudi kwenye neno nililolitamka mwenyewe asubuhi ya Jumapili hiyo, watu wakigawana nafasi kwenye bajaji: "Shangazi aachwe apumzike."

Ni neno la heshima. Ukilisikia huwezi kulikasirikia. Tumelisema miaka yote: kwenye safari za ufuoni, kwenye harusi zenye ngazi, siku za Idi watoto wakipelekwa kutembea. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Naye kwa malezi yake hawezi kuomba. Mtu mzima wa Ujiji atakwambia "nendeni tu wanangu, mtanisimulia," na wewe ukaondoka umefurahi kwamba ameridhika.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kuogelea nimefundishwa na yeye. Nilikuwa na miaka sita. Aliketi kwenye maji ya kina kifupi, magongo ameyalaza juu ya mwamba, akaniwekea viganja chini ya tumbo nikapiga miguu mpaka nikaelea. Miguu yake mwenyewe, ile ambayo nchi kavu alikuwa anaiburuza, pale ilikuwa inainuka yenyewe, myepesi, inacheza na mawimbi. Niliona kwa macho yangu kwamba majini mwili wake haumlemei. Nikakua, nikapata kazi, nikapata watoto, nikasahau.

Na yule aliyekwenda?

Mwanangu wa pili ana miaka tisa na ana usonji. Yeye hatukumwacha nyumbani. Nilijivunia hilo.

Lakini niwaambie Jumapili yake ilivyokwenda. Ufuo ulikuwa na spika tatu, kila moja na muziki wake. Boti zilikuwa zinawasha injini na kuzima. Moshi wa samaki wa kuchoma ulikuwa unatupitia usoni. Na ufuo wetu unatazama magharibi, kwa hiyo kuanzia alasiri jua linapiga juu ya maji na kurudi machoni kama kioo. Mtoto aliziba masikio, akaingia chini ya meza, akaanza kujigonga paji la uso kwa ngumi. Baba yake akamchukua mpaka kwenye bajaji, na huko alikaa saa mbili, uso ameugandamiza kwenye mgongo wa kiti.

Mimi na wewe tukiongea sokoni, sikio lako linajua kuisukuma pembeni kelele ya mashine ya kusaga ili linisikie mimi. Kwa watoto wengi wenye usonji mlango huo haufungiki. Mashine, maneno yangu, mlio wa pikipiki na lebo ya shati inayokwaruza shingo vyote vinaingia pamoja, na vyote vinadai kusikilizwa. Nilikuwa nayajua haya tangu alipoanza kuhudhuria kliniki. Hata hivyo jioni ile jirani aliponiuliza matembezi yalikuwaje nikamjibu, "Huyu mwenzetu hapendi ziwa."

Mtoto anayeweza kukaa saa nzima na beseni la maji, akimimina kutoka kikombe hadi kikombe, akichungulia maji yanavyokatika!

Mmoja tulimwacha, mmoja tulimchukua. Wote wawili ziwa hawakulipata.

Mwaka 1966

Tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofariki, Oktoba 2025, shangazi amekuwa akiniuliza habari za Gombe, hifadhi alikowachunguza. Aliisikia habari hiyo redioni. Sisi watu wa Kigoma tunaijua Gombe kama mtu anavyomjua jirani wa mtaa wa pili: tunajua yupo, hatumtembelei. Basi nikawa nasoma jioni ili nipate la kumsimulia. Nikakuta jambo ambalo sikujua nilifanyeje.

Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia kwa sokwe wa Gombe. Polio. Ndio mwaka shangazi yangu, akiwa na miaka mitatu, alipata homa na kuamka miguu haimsikii.

Nilisita kumwambia. Kwetu kumtaja mtu na sokwe kwa pumzi moja ni tusi, na yeye matusi ya namna hiyo ameshayasikia ya kutosha kutoka kwa watoto wa mitaani. Lakini akaniona nimekatisha hadithi, akasema, "Endelea, mwanangu. Unanificha nini?"

Nikamweleza. Mzee mmoja wa kundi, ambaye watafiti walimwita McGregor, alipooza miguu yote miwili. Akawa anajisukuma kwa mikono, makalio yakiburuzika chini. Siku moja wenzake walikuwa juu ya mti wanachambuana manyoya, jambo ambalo kwa sokwe ndilo mazungumzo yao na mapenzi yao. Akajivuta mpaka pale, akapanda kwa nguvu za mikono peke yake, akawanyooshea mkono. Wakaruka upande wa pili wa mti wakaendelea na shughuli yao. Aliyekaa karibu naye siku zile za mwisho alikuwa mmoja tu, Humphrey.

Shangazi akanyamaza kidogo.

"Huyo Humphrey alikuwa anamfanyia nini?"

"Alikaa naye tu, shangazi. Alikuwa haendi mbali."

"Basi," akasema. Akarudia, "Basi."

Nikamsimulia pia kuhusu Faben, ambaye polio ilimwachia mkono mmoja usio na kazi. Huyo alijizoeza kutembea kwa miguu miwili, wima, masafa marefu. Miaka kadhaa baadaye alisimama bega kwa bega na mdogo wake, Figan, mpaka mdogo akawa kiongozi wa kundi. Hilo lilimfurahisha sana. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa khanga.

Mimi nilibaki na yule mzee wa kwenye mti. Pale mtini wenzake hawakumpiga wala hawakumfukuza. Walihama upande tu.

Kwenye karatasi moja na hospitali

Usiku huo nilitafuta sheria inasemaje, nikitarajia kukuta habari za shule, kazi na matibabu. Zimo. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una ibara ya 30, na ibara hiyo inazungumzia utamaduni, michezo, mapumziko na starehe. Mwaka uliofuata tukapata sheria yetu wenyewe ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010.

Starehe imeandikwa kama haki, kwenye karatasi ile ile iliyoandikwa hospitali.

Nakiri sikuwahi kuiona hivyo. Ningemwona shangazi anashindwa kuingia zahanati kwa sababu ya ngazi, ningepiga kelele mpaka diwani anisikie. Kushindwa kufika ziwani niliona ni bahati yake tu.

Juma la mbalamwezi

Aliyetufungulia njia ni jirani wa shangazi, mvuvi wa dagaa tangu ujana wake. Nilimwendea kuuliza habari za mamba, maana siendi kumweka mzee na mtoto kwenye maji nisiyoyajua. Alinionyesha sehemu yenye maji mafupi na mchanga usio na mawe makali, halafu akaniuliza tunataka kwenda lini. Nikamwambia Jumapili.

"Jumapili ya nini? Njooni mbalamwezi."

Wasomaji wa Kigoma mtaniwia radhi, hili mnalijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa unafifia majini, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo katika siku hizo alfajiri haina kishindo cha injini zinazorudi, haina makelele ya mnada, na uwanda wa kuanikia dagaa uko mtupu, harufu imepungua. Nimeishi hapa maisha yangu yote nikiijua mbalamwezi kama wakati ambao dagaa wanapanda bei. Sikuwahi kuiwaza kama wakati ambao ufuo umetulia.

Na asubuhi ina zawadi nyingine. Vilima vyetu viko mashariki, jua linachelewa kuvivuka. Anga inakuwa nyeupe, kila kitu kinaonekana, lakini ufuo bado uko kivulini na maji hayang'ai machoni. Upepo nao mara nyingi haujaamka.

Tukapanga kutoka baada ya swala ya alfajiri.

Safari ya kwanza haikufika popote, na kosa lilikuwa langu. Habari zilienea kwenye ukoo, wakaja mashemeji, wakaja watoto wao, wakaja na sufuria. Tulikuwa watu 11. Mwanangu alipoona umati mlangoni alikaa chini sakafuni akakataa viatu. Shangazi naye, akiwa ameshavaa gauni lake la buluu, akasema kwa upole, "Sisi tutabaki." Akamnyooshea mkono, wakabaki. Nikawatengenezea chai mashemeji huku nimejaa hasira ambayo sikuwa na wa kumpa.

Siku mbili baadaye, mwezi ukiwa bado mkubwa, tulirudia. Mara hii tulikuwa watano: shangazi, mwanangu, mimi, baba yake na dereva wa bajaji. Yule mvuvi angetukuta huko huko.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimchorea mtoto picha nne kwenye daftari: bajaji, mbao, maji, chai ya nyumbani. Hiyo ya chai ndiyo aliyoishika kwa muda mrefu zaidi. Alitaka kujua kuna kurudi. Shingoni nilimvalisha vile vizuia sauti wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma, avivute masikioni mwenyewe akihitaji, na mkobani nikaweka kikombe chake cha plastiki cha kijani.

Mbao sita

Bajaji ilifika mpaka lami na changarawe zinapoishia. Mbele yetu kulikuwa na mchanga mkavu, hatua 40 hivi. Hatua 40 si kitu. Lakini gurudumu jembamba likiingia kwenye mchanga mkavu linazama, na ukilisukuma linazidi kuzama.

Vijana wanne waliokuwa wanashona nyavu wakaja wenyewe. "Bibi tutakubeba, usihofu." Walisema kwa nia njema kabisa, na mmoja ameshainama.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "mzigo ndio unaobebwa."

Yule kijana akasimama wima, kanuna kidogo, hajui mikono aiweke wapi.

Moyoni, nasema ukweli, nilitamani akubali. Jua lingevuka vilima, mtoto angechoka, tungekosa kila kitu kwa sababu ya hatua 40. Nilifungua mdomo nimbembeleze. Nikaufunga. Nilikumbuka neno langu la "apumzike", nikaona hili nalo ni ndugu yake.

Mvuvi ndiye aliyekuja na mbao za mtumbwi wa zamani, sita. Tatu zikalazwa chini ya magurudumu, tatu zikatangulizwa mbele. Shangazi akazungusha pedeli za mkono, baiskeli ikasogea urefu wa ubao mmoja. Tukatoa za nyuma tukazipeleka mbele. Akazungusha tena. Baada ya ubao wa nne alisimama kupumua, mkono begani. Hakuna aliyemharakisha.

Kijana mmoja akatoa simu aanze kurekodi. Mimi damu ilinipanda. Shangazi hata hakubadili sauti: "Weka hiyo mfukoni, baba, uje ushike ubao huu." Akaja, akaushika, na mpaka tunamaliza alikuwa yeye ndiye anayewapangia wenzake.

Ilituchukua nusu saa na ushee. Mchanga ulipoanza kulowa ukawa mgumu, mbao hazikuhitajika tena, na baiskeli ikateremka yenyewe taratibu mpaka gurudumu la mbele likagusa maji.

Mwezi ulikuwa bado upo, mkubwa, umefifia, unashukia kwenye milima ya Kongo ng'ambo ya pili.

Usinitazame usoni

Hakuingiza mkono majini. Alikaa tu. Mimi nimesimama ubavuni kwake, nimeinama, namsoma uso.

"Usinitazame usoni," akasema. "Nenda kwa mtoto."

Nikaenda nikiwa nimeona aibu, kwa kuwa alikuwa amenijua. Nilikuwa nangoja machozi. Baada ya miaka 19, baada ya mbao sita, nilikuwa nataka malipo yangu, na malipo yenyewe yalikuwa yeye alie nami nimwone. Hilo limenisumbua hata zaidi ya ile Jumapili. Najiuliza ni mara ngapi tumemtoa mtu nje ili furaha yake itusafishe sisi.

Mtoto alikuwa amesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, anatazama chini. Maji ya Tanganyika ni maangavu mno. Aliviona vidole vyake vyote kumi. Alivikunja, akavikunjua. Vizuia sauti vilikuwa shingoni, hakuvigusa. Sauti iliyokuwepo ilikuwa moja tu, ile ya kiwimbi kidogo kinachokuja na kujikunja kwenye mchanga, nayo inajirudia bila kumshtukiza. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na pale pembeni linapumua kama mtoto aliyelala.

Akatoa kikombe cha kijani, akaanza kumimina.

Nilipogeuka shangazi alikuwa ameshajishusha. Alifanya hivyo mwenyewe, kwa mikono, kwanza kwenye ubao wa kuwekea miguu, kisha kwenye khanga aliyoitandika mchangani, kisha akajisogeza mpaka maji yakamfika mapajani. Gauni la buluu lilijaa hewa likaelea. Na miguu yake ikainuka. Niliiona kwa mbali, ikicheza na kiwimbi, ile ile.

Sijui walikaa hivyo muda gani kabla mtoto hajamsogelea. Hawakuongea, mwanangu ana maneno machache na shangazi siku ile hakuwa na haja nayo. Alikuwa anachota maji kwenye kikombe anammiminia shangazi mkononi, anatazama yanavyokatika kwenye vidole, anachota tena. Shangazi ameukunjua mkono na kuuacha hapo hapo, hauondoi. Mimi nilikaa mbali kidogo na baba yake. Nilijikataza kupiga picha.

Jua lilipovuka vilima na maji kuanza kung'aa, mtoto alivuta vizuia sauti masikioni, akafungua daftari, akaniwekea kidole kwenye picha ya chai.

"Haya," shangazi akasema, akiinua mikono yote miwili kwa wale vijana. "Sasa ninyanyueni."

Wakamnyanyua, wanne, kama walivyotaka tangu mwanzo. Yule aliyenuna asubuhi ndiye aliyemkalisha kwenye baiskeli na kumfunika khanga magotini. Nilitaka kumuuliza shangazi imekuwaje saa hii kubebwa kunakubalika. Kisha nikaona jibu ninalo: safari hii ameomba mwenyewe, kwa sauti yake, akiwa ameshamaliza alichofuata.

Nyumbani alikunywa chai vikombe vitatu. Usiku ule mabega yalimuuma, nikamkanda kwa maji ya moto. Hakulalamika, wala hakusema ziwa lilikuwaje, nami sikuuliza.

Juzi mvuvi alikuja kuzichukua mbao zake. Zimeegeshwa ukutani barazani, zote sita, zimekauka. Nilikuwepo. Shangazi alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa.

"Mwezi uko wapi sasa hivi?" alimuuliza.

"Bado mchanga, bibi. Leo usiku tunaingia kazini."

"Basi ziache hapo."